Chakula Kilichosubiri Amina

Tangu turudi Voi mmenipigia simu mmoja mmoja, na kila mmoja nimemsimulia kipande. Mmoja anajua habari za gurudumu, mwingine anajua habari za jagi, na jirani yangu wa upande wa chini anazunguka akisema mama alipandisha pepo Kitui. Hakupandisha pepo. Nimeamua kuwaandikia nyote mara moja, kuanzia alfajiri tuliyotoka hadi simu niliyopokea juma lililopita. Na wale mnaotaka tu kujua mle wapi na mle nini mkipita njia ile, mtayapata humu humu, someni pole pole.

Mama mnamjua. Mwalimu Mghoi, miaka sabini na minne, mstaafu, mwenye ugonjwa wa sukari wa kudungwa sindano ya insulini kabla ya kila mlo. Alipokuwa msichana alifundisha darasa la kwanza Kyuso, kaskazini mwa Kitui. Wanafunzi wake wa wakati ule, ambao siku hizi wana wajukuu, walimwalika chakula cha mchana ili wamshukuru. Mimi Wakio, bintiye, niliendesha gari, na bila kuombwa na mtu nikajifanya pia askari wa sukari. Nilikuwa na kanuni nne za kula njiani: chakula kiwe cha moto, maji yawe ya chupa iliyofungwa, matunda tumenye wenyewe, na sukari isimfikie mama hata kwa bahati mbaya. Zile tatu bado nazisimamia. Ya nne nusura inizikie mzazi.

VOI HADI MTITO ANDEI

Tulifika Mtito Andei saa moja asubuhi. Malori yalikuwa yamepangana pande zote mbili za barabara, na nilichagua hoteli moja kwa sababu ilikuwa na vitambaa vya meza na haikuwa na mtu. Mama alisimama mlangoni akakataa kuingia.

"Wakio, hapa hakuna anayekula."

"Ndiyo maana ni pasafi."

"Basi kaa na usafi wako," akasema, akavuka kwenda upande wa pili, kwenye kibanda cha mabati ambako madereva walikuwa wamebanana hadi nje.

Nilimfuata nikiwa nimekasirika. Ndani palikuwa na moshi, kelele, na benchi moja lenye nafasi ya watu wawili. Nilitoa tishu zangu za maji nikafuta meza, nikafuta vijiko, kisha nikachukua jagi la maji lililokuwa katikati ya meza nikasuuza vikombe vyetu na kuyamwaga yale maji chini. Kumbe hayo ndiyo maji ya kunywa ya watu wote, yamechemshwa na kupozwa tangu usiku, na mimi nilikuwa nimemaliza nusu ya jagi. Dereva mmoja mwenye fulana ya manjano aliniangalia, akaangalia sakafu, akaniangalia tena.

"Madam, hio maji ulikuwa unaoshea nini? Vikombe imetoka kwa moto saa hii."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini huyo huyo dereva ndiye aliyenipa ushauri bora kuliko wote niliorudi nao. Mhudumu alipokuja nikamuuliza kuna nini, akaanza kutaja vyakula kama anayesoma orodha ya darasa. Dereva akamkatiza. "Usiulizangi kuko nini," akaniambia. "Uliza nini imetoka moto saa hii. Hio ingine yote ni ya jana." Niliuliza hivyo. Kulikuwa na supu ya mbuzi, mayai na chapati.

Mama alijidunga sindano, akala mayai na nusu chapati. Nusu nyingine niliiondoa mimi. Chai ya bila sukari haikuwepo, kwa sababu huko sukari hutiwa ndani ya sufuria pamoja na majani, na mhudumu alishangaa kweli kweli. "Bila sukari? Kwani huyu mama amekosea nani?" Watu wakacheka, mama akacheka nao, na mimi nikaagiza maji ya moto.

Hapo ndipo nilipofungua mkoba wa mama kutafuta leso, nikakuta peremende. Pakiti nzima! Zile za glukosi, nyeupe, zimefichwa chini ya Biblia. Nilishtuka kama niliyemkuta na chupa ya pombe.

"Mama, hizi ni nini?"

"Daktari aliniambia nitembee nazo. Ni za dharura."

"Dharura gani ya mgonjwa wa sukari kula peremende?"

Alianza kunieleza, nami nilikuwa tayari nimeshasimama. Nilizitupa kwenye pipa la taka lililokuwa karibu na mlango, nikarudi nikakaa, nikajiona binti mwema. Mama alikunja leso yake akaiweka mfukoni.

KIBWEZI HADI MUTOMO

Kutoka Kibwezi tuliacha barabara ya Mombasa tukashika ile ya kwenda Kitui. Lami ni nzuri, na miti ya kwenye miteremko ya vilima vya huko ilikuwa imepukutisha majani yote. Tulipita Ikutha tukiwa na nafasi ya kutosha. Chakula cha mchana Kyuso kilikuwa saa saba, na kwa hesabu yangu tungefika na dakika za kunyoosha miguu.

Kabla ya Mutomo gurudumu la nyuma likapasuka. Nililiangalia lile la akiba nikakuta halina upepo hata kidogo. Kosa ni langu, nilikuwa nimekagua tishu za maji na chupa za maji na sikukagua gurudumu. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na nusu, mpaka mwenye pikipiki alipolibeba gurudumu hadi Mutomo na kulirudisha.

Katika kusubiri huko alipita mama mmoja amebeba beseni la ndizi mbivu na maembe. Alisimama, akatusalimia, akamnyooshea mama ndizi mbili. "Shika, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo wanavyomwita mtu wa umri wake kwa heshima. "Jua ni kali, huwezi kaa hivyo na tumbo tupu."

"Asante, hatuli," nikajibu mimi. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliurudisha pole pole. Yule mama aliniangalia kwa namna ambayo nilikuja kuielewa baadaye, akajitwika beseni lake akaenda. Haki ya Mungu, nikikumbuka ule mkono nasikia aibu mpaka leo.

KITUI HADI TULIA

Kitui mjini hatukusimama. Tulisimama Tulia, ilikuwa imepita saa saba, kwa sababu mama alisema anahisi miguu imelegea. Nikadhani ni kukaa sana garini.

Hoteli tuliyoingia ilikuwa na menyu iliyochorwa ukutani kwa rangi nyekundu na bluu, imepambwa kuku na samaki. Nilihesabu vyakula kumi na viwili. Mwenye hoteli, mwanamume mnene mwenye aproni safi, alikuja akasimama mbele yetu kwa adabu.

"Kuku iko?"

"Kuku imeisha."

"Samaki?"

"Hio samaki ni ya kuchora tu."

Jamani! Nilimuuliza wanaikaangaje samaki ya kuchora, hakutabasamu. Alinieleza kwamba mchoraji alitoka Kitui na bei yake ilikuwa ya vyakula kumi na viwili, kwa hivyo akachora kumi na viwili. Kilichokuwapo ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na yalihitaji nusu saa zaidi jikoni. Chai ilikuwa tayari. Ya sukari.

"Nipe hiyo chai," mama akasema.

"Mama, hapana. Kyuso wametupikia. Tukijaza tumbo hapa tutawavunjia heshima."

"Kikombe kimoja, Wakio."

"Mama!"

Mwenye hoteli alitutazama mimi na mama, akaacha kumimina. Sisemi tena kwamba sikujua. Mama alikuwa ananiambia kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nasikiliza kanuni zangu.

KYUSO

Tulifika saa tisa na robo. Walikuwa wametusubiri tangu saa sita, wale wanafunzi wake, watu kama ishirini wa kanisa moja, wazee kwa akina mama, wamevaa nguo za Jumapili katikati ya juma. Mkubwa wao alikuwa Mzee Muli, mwanamume mrefu mwenye mvi aliyekaa dawati la mbele katika darasa la mama miaka hamsini iliyopita. Alipomwona mama anashuka garini alivua kofia akalia waziwazi, na mama akamwita kwa jina kabla hajajitaja. Hapo hata mimi nililia.

Chakula kilikuwa katika hoteli ya Mama Zahra, mama Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka kaskazini mashariki wakiuza mifugo, mume akabaki na mbuzi na yeye akafungua jiko. Mzee Muli alinieleza kwamba Kyuso nzima, awe wa kanisa gani, akiwa na mgeni wa maana anampeleka pale. Nawaambia na ninyi, mkifika mwende. Sinia zilikuwa zimepangwa mezani, zimefunikwa kwa vitambaa: wali wenye viungo, mbuzi, ndengu, chapati, na ndizi mbivu pembeni. Harufu yake sitaisahau.

Mama alipoziona sinia mezani aliomba chumba, akajidunga sindano yake kama kawaida, akarudi akakaa. Kwetu chakula kikiwa mezani unakula. Baba yangu alikuwa akiomba kwa pumzi moja huku ameshika kijiko.

Lakini kwanza kukawa na utambulisho. Kila mtu alisimama, akataja jina lake, mke au mume, watoto wake, alikookokea, na kumbukumbu moja ya Mwalimu. Watu ishirini. Mama mmoja, shemasi, alisimulia akicheka jinsi Mwalimu alivyomchapa kwa kuonja uji kabla ya sala. "Mpaka wa leo siwezi weka kitu kwa mdomo kama haijasemwa amina. Na watoto wangu ni hivyo, na wajukuu." Wote wakapiga makofi. Mama yangu alitabasamu, lakini niliona ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha Mzee Muli akasema, "Tusimame, tufumbe macho." Tukasimama. Alianza na shukrani za safari. Akaomba mvua, akaombea ndengu zilizokuwa shambani, mifugo, vijana walioko Nairobi, wajane, kaunti, walimu wote wa Kenya walio hai na waliotangulia. Ilikuwa sala nzuri, sitaikejeli. Sauti yake ilikuwa inatetemeka na watu wakiitikia "Ndiyo, Bwana." Kando yangu nilisikia mama anahema, nikajua ameguswa moyo.

Halafu nikasikia kiti kinaburuzika. Nikafumbua jicho moja. Mama alikuwa ameketi, kichwa kimeangukia kifuani, mabega yanatetemeka, anatamka maneno yasiyoeleweka. Shemasi naye akaona. Akaweka mkono begani kwa mama akapaza sauti, "Mguse, Bwana! Mguse mtumishi wako!" Sala ikapanda. Watu wakasogea, mikono imeinuliwa, wengine wanalia. Na mimi, msomi, askari wa sukari, nilisimama pale nikiwa sijui kama nimzuie Roho au nimshike mama.

Katika chumba kile mtu mmoja tu hakuwa amefumba macho, kwa kuwa sala haikuwa yake. Mama Zahra alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia mkononi, akisubiri kwa heshima. Nilisikia sinia ikigonga sakafu.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Nyamazeni nyote! Huyu mama analoa jasho!"

Mzee Muli alibaki na mikono juu. Mama Zahra aliwapita watu wote akamshika mama shingoni, akageuka kwangu. "Ako na sukari?"

"Ndiyo, imepanda, usimpe chochote!" nikasema. Alikuwa ameshachukua chupa ya chai yake mwenyewe na kumimina kikombe, na nilijua chai yao huchemshwa na sukari mpaka inanata. Nilimshika mkono. Nisikieni vizuri: nilimshika mkono ili asimwokoe mama yangu.

Aliusukuma mkono wangu ukagonga meza. "Amejidunga?"

"Amejidunga."

"Saa ngapi?"

"Tulipofika."

"Na amekula nini?"

Watu wote waligeuka wakatazama zile sinia zilizofunikwa. Hakuna aliyezigusa. Shemasi aliweka mkono mdomoni.

"Imeshuka," Mama Zahra akasema. "Mama mkwe wangu alikufa hivi, hapa hapa, tukisema amechoka. Shika kichwa."

Nilishika kichwa. Mama alikuwa baridi kama aliyetoka kuoga, lakini alikuwa anaweza kumeza, na Mama Zahra alimnywesha kidogo kidogo, akisubiri ameze ndipo ampe tena. Kikombe kikaisha, akamimina cha pili. Wale watu ishirini hawakuondoka. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Sijui tulikaa dakika ngapi. Nilichojua ni kwamba zile peremende zilikuwa kwenye pipa la taka Mtito Andei, na kwamba ni mimi niliyezitupa.

Mama alifumbua macho, akanitazama, akamtazama Mzee Muli.

"Amina imeshasemwa?" akauliza.

"Amina, Mwalimu," Mzee Muli akajibu. "Amina, amina. Kula."

Akala. Tulisimama tukimwangalia anakula wali, na ilikuwa amri ya Mama Zahra kwamba hakuna mwingine kukaa mpaka amalize sahani.

Baadaye tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima akasema yuko salama, kisha akauliza peremende zake ziko wapi, maana kila mgonjwa wa sindano hufundishwa kutembea nazo. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniandikia kwenye karatasi dalili zote, jasho, kutetemeka, kulegea, kuongea ovyo, akaniambia niisome kwa sauti mbele yake mara mbili. Kwa hiyo ninyi mnaosafiri na wazee wenye sukari, huo ndio ushauri wangu wa kula njiani, na haya mengine ya supu ni mapambo. Mgonjwa asijidunge mpaka uhakika wa kula uwepo. Atembee na kitu kitamu. Na akikuambia anataka chai, mpe chai.

KURUDI

Tulilala Kyuso, tukarudi kesho yake kwa njia ile ile. Garini nilimuuliza mama kwa nini hakusema. Alijisikia vibaya tangu utambulisho, alikiri hivyo mwenyewe. Sinia ilikuwa mbele ya pua yake.

Aliangalia nje mpaka tukapita daraja la mto mmoja mkavu.

"Wewe ulitaka niwaambie nini?" akasema. "Wale ni watoto niliowachapa kwa kosa hilo hilo. Ningeanzaje kula?"

Nilisimamisha gari. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya ndizi, chai na peremende, kila kitu kwa jina lake, nikilia hata nikashindwa kuendesha. Alinipa ile leso yake. Akasema nimekuwa mkali kama yeye, na kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Sasa hiyo simu. Juma lililopita Mzee Muli alipiga, akaomba kuongea na Mwalimu, nami nikaweka sauti nje. Alisema Jumapili walikuwa na chakula cha pamoja kanisani. Kabla ya kuomba aliwaambia watu wasifumbe macho kwanza. Akauliza ni nani kati yao anajidunga au anameza dawa za sukari, ainue mkono, apakuliwe ale kwanza, ndipo waombe.

"Hakuna mtu aliinua, Mwalimu," akasema. "Watu waliangalia tu chini. Huku mtu akisema ako na hio ugonjwa, watu wanasema amekula vizuri sana, ama amelogwa. Nikangoja. Yule shemasi akainua. Halafu mwingine, na mwingine, mpaka wakafika saba. Watu tunaomba na wao kila Jumapili na hatukujua."

"Saba!" mama akasema.

"Saba." Kisha akaongeza, "Wa nane ilikuwa mkono yangu, Mwalimu. Miaka sita. Hata mke wangu alikuwa hajui."